Upande wa Kushoto

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote. Hali yako? Na mgongo je, bado unakusumbua asubuhi, au ulipata lile godoro gumu ulilokuwa ukilitafuta? Binti yako naye kazi yake mpya anaionaje? Mimi kwa upande wangu nakula, nalala, naamka, naenda kazini na kurudi. Watu wakiniuliza nawajibu sijambo. Lakini hiyo sijambo ina maelezo marefu, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Mara ya mwisho nilipokuandikia ulikuwa bado shule ya bweni, ukinijibu kwa kurasa tatu za kuomba sabuni. Najua pia kwamba tangu ile simu yetu ya mwisho hujanipigia tena, nami nilipokupigia hukupokea. Huenda hata sasa umeishika bahasha hii ukifikiria kuirarua. Nakusihi usiirarue. Isome yote, kisha ukitaka kuwashia jiko, washia. Na usinitangulie kwa mawazo. Unanijua mimi ni mtu wa stoo, kwangu kitu hutoka kwa zamu yake.

Nianze na ile amplifaya. Unaikumbuka. Ulipokuja kuishi kwangu baada ya mama kufariki, na sanduku lako la bati na kiburi chako cha mtoto wa mwisho, ilikuwa ndiyo kitu cha kwanza ulichokigusa na kitu cha kwanza nilichokukataza. Ipo pale pale juu ya meza fupi, nzito kama jiwe la kusagia, na zile spika mbili ambazo marehemu wifi yako alikuwa akiziita wageni wasiokwenda kwao. Ulikuwa ukifagia sebule kwa kucheza, ufagio mkononi, vumbi lote ukilisukumia chini ya kochi. Wifi yako aliliona siku zote na hakukusema hata mara moja.

Tangu wifi yako atangulie, amplifaya ile ndiyo imekuwa mtu wangu wa kuzungumza naye. Natoka kazini, navua viatu, nakaa kwenye kiti kinachotazamana na spika. Kiti cha pili kinabeba nguo zinazongoja pasi. Nyumba ya mtu mmoja, mdogo wangu, ina sauti zake. Friji linakoroma, bomba la jikoni linadondosha, bati linalia jua linapopanda. Nilizizoea zote. Kisha, sijui ilikuwa lini, bomba nikawa silisikii tena. Nikadhani limejitengeneza lenyewe, nikamshukuru Mungu kwa kuniokolea fundi.

Muziki nao ukaanza kubadilika. Kwanza upande wa kushoto ulififia. Halafu waimbaji wote, hata wale ambao nyimbo zao nazijua kama jina langu, wakawa wanaimba kama waliofungwa leso mdomoni. Besi ilibaki, ngoma zilibaki, ila ule mng'aro wa juu ulikuwa umeondoka. Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena. Jirani wa ukuta akanipigia ukuta, nami nikamwona mtu mwenye wivu.

Kazini vile vile nilikuwa nimezungukwa na watu wasiojua kusema. Bado nipo kwenye dirisha la stoo ya vipuri, pale gereji ya mabasi. Mafundi wanakuja na mikono yao ya grisi, wananung'unika, nami nawaambia warudie. Mtu ananiomba beringi, namletea springi, ananitazama kama nimemtukana. Wamenibandika jina, Bwana Rudia. Mimi nililipenda. Nilidhani wananisifu kwa umakini, kwamba kwangu kitu hakitoki mpaka kitajwe mara mbili.

Sasa, jioni moja muziki ulikatika katikati ya wimbo, na harufu ya kitu kinachoungua ikajaa sebuleni. Nikachomoa kila kitu, nikafungua madirisha, na kesho yake nikaibeba mashine hadi kwa fundi mmoja mwanamke ambaye kibanda chake kiko nyuma ya duka la rangi. Wanamwita Mama Risasi. Usiogope, hajawahi kushika bunduki. Ni ile risasi ya kulehemu waya, anaivuta kutoka kwenye kigurudumu chake kama mtu anayefuma sweta, huku mdomo wake haupumziki.

Alipofungua mfuniko alinyamaza, na kwa mtu yule kunyamaza ni habari. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Kitambaa cha kufuma cha wifi yako, kile chenye maua ya njano, nilikuwa nimekilaza juu ya mashine kwa heshima yake, kumbe kiliziba matundu yote ya kupumulia. Na mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha waya kilichosokotwa. Hicho nilikiweka mwenyewe zamani, siku fyuzi ilipoungua na maduka yamefungwa, nikajiambia nitanunua kesho.

Akanitazama na kuniambia, "Kaka, fyuzi kazi yake ni kufa ili mashine isife. Wewe umeweka isiyokufa. Siku ya siku ingekufa nyumba, na wewe ndani yake."

Akanihoji kama askari. Nilipomwambia kwamba amplifaya, friji na pasi vyote vinakula kwenye ekstensheni moja, alishika kichwa. Akasema mashine ile ikipiga besi humeza umeme kwa mkupuo, nalo friji kila likiamka huutikisa. Nikaipe amplifaya soketi yake ukutani, yenye waya wa ardhini unaofanya kazi kweli, na kifaa cha kusawazisha umeme katikati. Niiache peke yake, nafasi ya kiganja kila upande na juu pasiwe na kitu. Vumbi nilitoe kwa brashi laini kila mara, si kwa kitambaa kibichi. Kuwasha, iwe ya mwisho baada ya redio na kaseti. Kuzima, iwe ya kwanza. Na kitufe cha sauti kiwe chini kabisa kote kuwili. Mvua ikianza kunguruma, nichomoe. Na nisije nikaingiza bisibisi ndani eti kwa kuwa plagi ninayo mkononi, kwa sababu mna vipipa vidogo vinavyotunza umeme hata baada ya kuchomoa, na havimjui mwenye nyumba.

Nilitii yote. Nilimwita fundi wa umeme akanivutia soketi mpya. Kitambaa cha wifi yako nikakifua, nikakitandika juu ya kabati la vyombo. Mashine ikarudi inang'aa, fyuzi yake halali ndani, nikaiwasha kwa utaratibu kama padri anayeandaa misa.

Upande wa kushoto ulikuwa dhaifu vile vile.

Nikairudisha. Mama Risasi akaipima na mita yake mbele yangu, akanionyesha namba: kushoto na kulia sawasawa, kama mapacha. Nikamwambia mita yake imechoka. Akaniletea nyingine, namba zile zile. Hapo, mdogo wangu, nilifanya jambo la aibu. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba anajua kulehemu lakini hana masikio. Yeye akafunga mfuniko, akaniambia niende salama.

Zikapita wiki. Nilikaa na mashine yangu mbovu isiyo na ubovu. Nilikuwa nikihamisha kiti kidogo kulia, kidogo kushoto, kama mtu anayetafuta mahali jua linapoingia. Kule kuikosa simu yako ya kila Jumapili kulikuwa kumeshaanza pia, na Jumapili zilikuwa ndefu kuliko nilivyozijua.

Siku moja ya mapumziko, mchana, nikaona kivuli mlangoni. Mama Risasi, na mfuko wake wa vifaa. Alisema hajawahi kushindwa na mashine, na hawezi kulala huku kuna mtu anatembea mjini akisema amemshinda. Nikamkaribisha. Alikagua soketi, akakagua waya za spika kama hazigusani, akapitisha kiganja juu ya mashine kupima joto, akaridhika. Tukaiwasha. Akaniuliza upande gani dhaifu. Nikamwonyesha kushoto.

Akazima, akachomoa plagi, akasema tungoje vile vipipa vijimwage. Nikaenda kuchemsha chai. Yeye alikuwa ameinama nyuma ya spika akilegeza waya, akasema kitu, nami nikamjibu kwamba sukari imo kwenye kopo la bluu. Akainua kichwa akanitazama, akarudi kuinama. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba alikuwa ameniuliza kama nina watoto.

Kama nina watoto. Ningelisikia swali lile ningemjibu kwamba nilimlea mmoja, naye siku hizi hapokei simu yangu.

Alibadilisha waya nyuma ya amplifaya, ya kulia akaipeleka kushoto na ya kushoto kulia. Akanieleza kwamba kama mashine ndiyo mbovu, udhaifu utahama. Tukawasha. Nikasema bado kushoto. Akasema basi spika. Tukazima tena, tukangoja tena, tukazibeba zile spika mbili, tukazibadilisha mahali, mimi nikihema kama beberu. Tukawasha.

"Sasa?"

"Kushoto."

Alikuja akasimama mbele yangu, akanishika mabega kama mtu anayemgeuza mtoto, akanigeuza na kiti changu nikatazama ukuta, mgongo kwa spika. Muziki ukaendelea. Akainama usoni pangu akauliza tena, upande gani dhaifu. Nami, bila kufikiri, nikanyoosha mkono wangu wa kushoto.

Mdogo wangu, niliutazama mkono ule. Ulikuwa unaonyesha ile spika ambayo muda mfupi tu uliopita nilikuwa nimeapa kwamba ni nzima.

Nilikaa vile vile natazama ukuta. Kisha nikahisi kidole begani. Mama Risasi alikuwa amerudi mbele yangu, na uso wake haukuwa wa ushindi. Aliniambia polepole, mdomo wake nikiuona, "Nilikuwa nyuma yako hapo. Nimekuita mara nyingi. Kaka, mashine yako ni nzima."

Nilimfukuza. Nikufiche nini? Nilimwambia achukue vifaa vyake aende. Alichukua, chai hakuimaliza. Nikabaki na muziki unaoendelea, nikaziba sikio la kulia kwa kidole, na nyumba nzima ikawa imejaa pamba.

Ilinichukua muda kwenda hospitali, na nilikwenda nikitumaini ni nta. Daktari wa masikio aliniketisha kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, akanivisha vitu masikioni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa na kitufe changu nikingoja aanze. Nilingoja sana. Nilipomtazama kupitia kioo, alikuwa ameshamaliza.

Si nta. Mishipa ya ndani imekufa, ya kushoto zaidi, ya kulia inafuata. Aliniuliza kazini nakaa wapi, nikamweleza kuhusu ile kompresa ya kujazia upepo, iliyoko ukuta wa kushoto wa dirisha langu tangu nilipoajiriwa. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kinachobadilishwa ni nini. Akasema hakuna. Mimi niliyekaa ujana wangu wote dirishani nikitoa spea, nimeambiwa kwamba yangu mimi haitengenezwi. Kuna kifaa cha kuvaa sikioni, kitanisaidia kidogo, nimewekwa kwenye foleni yake.

Lakini kuna jambo moja alilonieleza ambalo nilitoka nalo mlangoni likinizunguka kichwani. Alisema zinazopotea kwanza ni sauti nyembamba. Katika maneno ya watu, a na e na o nitaendelea kuzisikia, ila zile zinazoyatenganisha maneno, p na t na ch na s na f, zimeondoka. Akasema, "Unasikia kwamba mtu anazungumza. Sehemu iliyobaki unaijaza mwenyewe, kwa vile unavyotaka iwe."

Nilikaa kwenye benchi la nje ya hospitali mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina mtu wa kunichukua. Nilikuwa naikumbuka ile simu yako.

Nilikuwa na ujumbe wa binti yako, alioniandikia siku chache baada ya simu ile, ambao sikuuelewa. Ulisema, *Mjomba, ulichomwambia mama hakisahauliki.* Niliukasirikia wakati ule. Nikajiuliza nimesema nini zaidi ya kheri? Pale kwenye benchi nikamwandikia, nikamwomba kwa heshima aniambie mama yake alinieleza nini siku ile, neno kwa neno. Hakujibu siku hiyo. Kesho yake akajibu. *Alikwambia yeye na baba wameachana. Alikuwa amekaa juu ya mabegi yake.*

Mdogo wangu, sikiliza sasa. Hapa ndipo nilipokuwa nakuleta.

Simu ilikuwa kwenye sikio la kushoto, kama kawaida yangu, ili mkono wa kulia ubaki na kalamu. Nilikusikia ukisema, mimi na shemeji yako. Halafu ukasema neno moja. Wewe ulisema tumeachana. Mimi nilisikia tumepatana.

Yatamke polepole, utaona. Ondoa zile sauti nyembamba daktari alizozitaja, na yanabaki neno moja. Nilijua mlikuwa na ugomvi, nilikuwa nikiwaombea uishe, na pale palipokuwa tupu nikapajaza dua yangu mwenyewe. Ndiyo maana nikapaza sauti, Mungu mkubwa! Ndiyo maana nikakwambia hongera, siku hii nimeiomba sana, mlichelewa tu. Ndiyo maana nikakwambia umfikishie shemeji salamu, umwambie kaka mtu amefurahi. Uliponyamaza nikadhani mtandao umekatika, nikasema haloo, haloo, nikakata nikiwa nacheka. Kumbe ulikuwa unalia. Kilio nacho ni sauti nyembamba.

Najua ulichofikiri. Mimi ndiye niliyempinga mtu yule tangu siku ya posa, nikasema sitakanyaga harusini, na nikakanyaga nimenuna. Ulifikiri kwamba miaka yote hii nilikuwa nimekaa na neno langu la "nilikwambia", nikilingojea siku yake. Ulinipigia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, nami nikakucheka. Ningekuwa wewe nisingepokea simu pia.

Sikukucheka. Sikusikia. Sina neno lingine zaidi ya hilo, na nimelisema kwa karatasi kwa sababu kwa simu ungelia tena, nami ningesema haloo.

Kwa Mama Risasi nimekwenda, nikamwomba radhi mbele ya wateja kama nilivyomkosea mbele ya wateja. Akaniambia amezoea, wateja wengi huleta mashine nzima. Kazini nimewaeleza mafundi waniandikie wanachotaka, na wengine, ili kunitania, wananiandikia mashairi. Amplifaya naiangalia bado. Naifuta vumbi, nachomoa mvua inapokuja. Siku nyingine naweka kiganja juu ya mbao ya spika, nazihesabu ngoma. Upweke wa sasa ni mwingine, sikufichi. Awali nilikuwa peke yangu na muziki.

Nimesikia kwamba umepanga chumba kimoja, na kwamba mwenye nyumba anakusumbua. Chumba chako cha zamani kipo. Nimekipaka rangi, dirisha nimelibadilisha kioo, kitanda ni kipya na godoro ni gumu. Sikulazimishi. Kama moyo wako bado una donge, uache umalize kwa muda wake. Lakini kama utakuja, njoo siku yoyote, usinijulishe.

Mpe mpwa wangu salamu zangu, umwambie nimemshukuru kwa kunijibu wakati sikustahili. Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Neno la mwisho ni hili. Ukifika, usisimame mlangoni ukibisha hodi. Utabisha mpaka jua litue, useme nimekukataa mara ya pili. Komeo nimeling'oa. Sukuma mlango, pita, njoo mpaka mbele yangu nikuone.

Ni mimi kaka yako,
mtoto wa kwanza wa mama.